Tulipompeleka Baba Mbooni Kumposa Mama

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mwenye duka la kushona nguo mjini Kitui na mchumba aitwaye Kioko, nilipogundua kwamba wazazi wangu hawajaoana.

Habari hizo zililetwa na simu ya Mjomba Nzioka, kakake Mama, kutoka Mbooni. Watu wa Kioko walikuwa wamepanga kuja kwetu mwezi wa nane na mbuzi wa kunichumbia, na Mama alitaka kakake awepo. Mjomba alicheka hadi akakohoa. "Mwende atatolewaje mbuzi," akauliza, "na mamake mwenyewe hajatolewa?"

Kwetu Ukambani mwanamke huhesabiwa kuwa ameolewa siku mume anapopeleka kwao mbuzi watatu, wale tunaowaita ntheo. Unaweza kuishi na mtu, ukamzalia watoto wanne, mkajenga nyumba ya mawe na kuimba kwaya moja. Bila hao mbuzi, wewe bado ni binti wa kwenu aliyekawia kurudi. Na mzee ambaye hakumtolea mkewe hana ruhusa ya kupokea mbuzi wa binti yake.

Baba ni mwalimu mstaafu wa sayansi. Hata Mama humwita Mwalimu. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na sita. Mama alipomweleza maneno ya Mjomba, Baba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Jumamosi," akasema.

Mimi nilidhani Mama angeona aibu. Badala yake alienda saluni.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, Kavata alisimamisha pikapu yake mbele ya lango letu. Kavata ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Siku nyingine pikapu hiyo hubeba maembe na matikiti, na yeye huongea na abiria, na gari, na barabara, wote kwa wakati mmoja. Tulipakia zawadi za Mbooni: sukari, unga, blanketi, jiko jipya. Halafu mbuzi. Walikuwa watatu: beberu mwenye dharau usoni na majike wawili, mmoja mweusi, mwingine wa kahawia, mnene sana.

"Huyu amelishwa," Baba alisema kwa fahari, akimpapasa yule wa kahawia tumboni.

Mbele ya pikapu kuna nafasi ya watu watatu. Baba alifungua mlango aingie. Mama, ndani ya kitenge nilichomshonea usiku na mchana wiki nzima, alimsimamisha kwa kiganja.

"Unaenda wapi, kijana?"

"Kukaa."

"Na nani? Mimi ni msichana wa watu, sijaolewa. Watu wa Mbooni wakiniona nimebanana na mwanaume kwa gari, watasema nini?"

Kavata alilaza kichwa kwenye usukani, mabega yakimtetemeka. Baba alinitazama nimtetee. Mimi nilitazama viatu vyangu. Basi akapanda nyuma na mbuzi, amevaa koti jipya la kijivu ambalo Mama alimnunulia kwa siku hiyo, akakalia gunia la unga kama mtu aliyelichagua mwenyewe.

Katika mji wa Kabati tulikuta soko limeanza kujaa, tukapunguza mwendo. Kijana mmoja aliyesomeshwa na Baba alimwona akakimbia kando ya gari. "Mwalimu! Unapeleka mbuzi mnadani?"

"Naenda kuoa," Baba akajibu.

Yule kijana alicheka. Alipoona Mwalimu hacheki, alisimama pale pale, na nilimwona kwenye kioo cha pembeni akipungua mpaka kona ikamficha.

Tulipovuka daraja la mto Athi, Kavata alishindwa kuvumilia. "Lakini mwaitu," akamwambia mamangu, maana hata yeye humwita hivyo, mama yangu, "huyu mzee ulimpendea nini mpaka ukatoroka naye bila mbuzi?"

Mama aliangalia maji chini, machache na ya rangi ya chai. "Alikuja kufundisha karibu na kwetu. Alikuwa mwembamba kama mwiko. Mimi nilikuwa nawacheka wanaume, wote, na nikiwacheka walikuwa wanaondoka. Yeye alikuwa anasimama tu. Anangoja nimalize kucheka, halafu anaendelea na maneno yake."

Kavata, ambaye ndoa yake ilivunjika mwaka jana, alibadilisha gia mara mbili bila haja. Kisha Mama akasema kwa sauti nyingine, ya chini:

"Lakini wakiniuliza leo, sijui nitajibu nini."

"Kukuuliza nini?" nikasema.

"Mwanamke huulizwa mbele ya watu. Tule mbuzi hawa, au tuwarudishe? Nikisema warudishwe, wanarudishwa."

"Mama, unatania."

"Endesha, Kavata. Huyo mwenye lori anataka kupita."

Niligeuka nikamtazama Baba kupitia kioo cha nyuma. Alikuwa amemshika beberu pembe kwa mkono mmoja na miwani yake kwa mkono mwingine. Hakujua lolote. Nilijaribu kufikiria nitakavyowaeleza watu wa Kioko kwamba mamangu amemkataa babangu, nikashindwa hata kuanza sentensi.

Tulikuwa tumeshaipita Wamunyu, na vibanda vyake vya wachonga vinyago, hatujafika Masii, Baba alipoanza kupiga paa la gari kwa ngumi.

"Simamisha! Mbuzi ni mgonjwa!"

Yule wa kahawia alikuwa amelala ubavu, analia. Kavata alipanda nyuma, akamwinua mkia, akashuka akijifuta mikono.

"Mwalimu, huyu si mgonjwa. Anazaa."

"Haiwezekani. Aliyeniuzia alisema amenona."

"Na sayansi umefundisha miaka mingapi?" Mama akauliza kutoka dirishani.

Hapakuwa na nafasi ya kubishana. Kwato mbili ndogo zilikuwa zimeshatokeza. Kavata alishika, Baba akashika, mimi nilishika mkebe wa maji nisijue wa nini. Mtoto alipotoka alikuwa ameloa na hapumui. Baba alivua koti.

"Mwalimu, hilo koti!" Mama alipiga kelele, lakini lilikuwa limeshamfunika. Baba alimsugua, akampulizia puani, akamsugua tena, akimnong'oneza kwa Kikamba maneno ambayo nadhani alitunong'oneza sisi zamani. Yule mtoto akapiga chafya. Mamake akamlamba, na akalamba mkono wa koti pia.

Mama alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti, uso karibu na kioo cha nyuma. Alitazama kwa muda mrefu.

Mjini Tawa tulisimama kunywa chai kabla ya kupanda milima. Baba alikataa kushuka. Nilimpelekea kikombe, akakishika mpaka kikapoa, ameyapa maduka mgongo. Nilidhani anawalinda mbuzi.

Kutoka hapo barabara inapanda na baridi inashuka kuipokea. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi hadi juu, na miparachichi inaning'inia juu ya njia. Wanawake walikuwa wakishuka vijia vyenye miinuko ambayo mimi ningeiteremka kwa makalio, vyondo mgongoni, wakipiga hadithi. Mama alizitaja kona kwa majina. Hapa nilianguka na mtungi. Hapa ndipo shangazi alipoumwa na nyuki. Kila kona ilimpunguzia miaka, na kufikia Kikima alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti kama mtoto wa shule siku ya kufunga.

Saa saba hivi tulifika kwa Susu, nyanya yangu. Lango lilikuwa limefungwa kwa tawi la mti, na ndani wanawake waliimba. Mjomba Nzioka alitoka. Ni mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu.

"Mnatafuta nani?" akauliza, ingawa jana yake tulikuwa tumeongea kwa simu mara nne.

"Tumemwona msichana wa boma hili," Baba akajibu kama inavyotakiwa. "Tumekuja kumuulizia."

Mjomba aliwahesabu mbuzi. Alimtazama Baba, shati limejaa damu na maziwa, ameshika koti linalolia. "Sisi tuliambiwa watatu. Hapa naona wanne."

"Huyu amezaliwa njiani."

"Basi ni wa kwetu au wa kwenu?"

"Ni wa dereva," Kavata akasema, na lango likafunguliwa kwa kicheko.

Wanawake walimchukua Mama jikoni moja kwa moja, kama binti wa nyumbani, naye akaenda bila kugeuka. Susu alikuwa amekaa juani kwenye kigoda, sweta ya kijani, macho yamefifia. Alinipapasa uso. "Wewe ndiye umemlazimisha babako?"

"Hapana, Susu. Ni mbuzi wangu wamemlazimisha."

Susu ni mtu wa kanisa, kwa hiyo mahali pa kibuyu cha pombe palikuwa na birika la chai ya maziwa. Wazee wawili walilitazama kwa huzuni, wakanywa. Maneno ya utangulizi yakasemwa. Kisha Mama akaletwa akaketi katikati, na Susu akainua mkono watu wote wakanyamaza.

"Ndunge, mwanangu. Watu hawa unawajua?"

"Nawajua."

"Na mbuzi hawa, tuwale?"

Mama alinyoosha kitenge chake magotini. "Bado," akasema. "Nina neno."

Kavata alinishika mkono. Mama alisimama, akamgeukia Baba.

"Mwalimu, siku tulipomzika baba yangu, hapa hapa, waume wa dada zangu walibeba jeneza. Mimi nilisimama peke yangu, Mwende mgongoni. Watu wakaniuliza mume wako yuko wapi, nikawaambia ana malaria. Ndivyo ulivyoniambia. Siku hiyo sikuhitaji mbuzi. Nilihitaji mtu wa kusimama naye. Nijibu hilo, halafu tuongee habari ya nyama."

Baba alisimama. Bila koti alionekana mwembamba.

"Sikuwa na malaria."

"Hilo najua."

"Nilifika Tawa."

Hilo Mama hakulijua. Nililiona kwenye mabega yake.

"Ulipoondoka nilifuata na basi," Baba akasema. "Nilikuwa na shati jeupe. Pale Tawa nikashuka ningoje gari la kupanda huku, nikaanza kufikiria wazee wataniuliza mbuzi wako wapi, mbele ya jeneza. Nikaingia mkahawani nikaagiza chai. Gari likaja, likaenda. Likaja lingine, likaenda. Nilikaa mpaka nikaona watu wanarudi kutoka mazishini, nikapanda basi la Kitui." Alivua miwani. "Niliogopa, Ndunge. Na kila mwaka ukipita niliogopa zaidi. Mbuzi ningeweza kuwapata. Uso wa kuja nao ndio sikuwa nao."

Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita kwa jina. Kwetu yeye ni Mama Mwende, siku zote. Wapwa wa Mama waliokuwa wakigeuza nyama ya kuku jikoni waliacha kugeuza. Mama alimtazama hadi nikadhani atamwambia apakie mbuzi wake aende.

"Ulikunywa chai ngapi?" akauliza.

"Tatu."

"Na mandazi?"

Baba aliangalia chini. "Mawili," akasema. "Nilikuwa na njaa."

Susu ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kisicho na jino hata moja. Mama alijaribu kujizuia, akauma ukingo wa leso, akashindwa. Alicheka mpaka akainama, na machozi yakaja pamoja na kicheko, sikuweza kuvitenganisha. Baba hakukaa. Alisimama pale, mikono imening'inia, akangoja amalize.

"Kuleni," Mama akasema mwishowe, akijipangusa. "Lakini yule mdogo asiguswe. Ameshavaa koti la harusi."

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilisikika hadi Tawa. Beberu alichinjwa, tukala hadi jua likaegemea mlima. Kabla ya chai ya jioni nilimwona Mama akimshika Baba mkono wa shati, akimwongoza nyuma ya nyumba, palipo na kaburi la babu chini ya mibuni. Nilitaka kuwafuata. Kavata alinivuta.

"Huko hujaitwa," akaniambia.

Jumapili baada ya ibada, mimi na Kavata tulishuka mlima wawili tu. Baba na Mama walibaki siku tatu zaidi, kwa sababu Susu alitaka kumzungusha mkwe wake mpya kwa majirani. Pikapu ilikuwa imejaa maparachichi.

"Mimi wangu hakuwahi kungoja nimalize," Kavata alisema ghafla. "Nikicheka, alikuwa anakasirika. Nikilia, anatoka." Niliweka mkono juu ya wake, ule wa gia, nikauacha hapo mpaka akaniambia niuondoe, kuna kona.

Tulipofika Masii nilimpigia Kioko. Nilimsimulia yote, kisha nikamuuliza kama kuna jambo analoogopa kulisema. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Mama hajui umenizidi miaka minne," akasema. "Nilimwambia tuko rika moja. Sasa sijui nitaanzia wapi."

Nilikasirika, sitaficha. Lakini nilikuwa nimetoka kuona kilichofanywa na chai tatu za Tawa. Neno ambalo lingesemwa kwa dakika moja lilikuwa limekaa nyumbani kwetu tangu nikiwa mgongoni, nasi tukalizunguka kama kiti kibovu ambacho hakuna anayekumbuka nani alikivunja.

"Mwambie leo," nikasema. "Usingoje Jumapili nyingine."

Karibu na mto Athi simu ililia. Namba sikuijua.

"Mwende, mwanangu," sauti ya mamake Kioko ilisema, "ni kweli una miaka thelathini na minne?"

"Ni kweli, mama."

Alipumua. Kavata alizima redio.

"Afadhali," akasema. "Nilikuwa najiuliza msichana wa rika la huyu mtoto amepata wapi akili. Tutakuja mwezi wa nane."

Nilimwomba Kavata aongeze mwendo. Nilikuwa na gauni la kushona, na safari hii lilikuwa langu.