Kiendeshi Kilichokaa Barazani

Madereva wa barabara ya ziwani walikuwa na desturi iliyonitisha kuliko bunduki. Gari likitoka Bujumbura lilisimama Gitaza, karibu na vichanja vya kukaushia ndagala, yaani dagaa wa ziwa letu, likasubiri neno kutoka kwetu Rumonge. Neno la hatari likija, walilala hapohapo. Lisipokuja hadi alasiri, waliondoka. Kimya kilikuwa ruhusa. Nani aliwaambia kwamba asiyesema kitu amesema ndiyo? Huenda msemaji ameshakufa. Nilipouliza hivyo walinicheka. Chuo nilikosomea kompyuta kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya vita, na maswali ndiyo mzigo pekee niliorudi nao nyumbani.

Neno lilitoka katika chumba cha mjomba wangu, mfanyabiashara wa mawese, aliyeishi nasi. Alikuwa na redio ya kupiga mbali. Sauti ingesikika kwa kila mwenye redio, hata waviziaji, kwa hiyo tulituma maandishi: kompyuta kuukuu, kadi ya kugeuza herufi kuwa milio iliyochomekwa ndani yake, waya hadi kwenye redio; Gitaza nako walikuwa na mtambo kama huo. Kadi ilikuja na kiendeshi chake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa. Aliyekiandika hatukumjua. Kila kilipokosea, mashine nzima iliganda, na kabla haijawaka upya na kumaliza kukagua diski, kule Gitaza walikuwa wameshakata shauri: kimya.

Dada yangu alipita njia hiyo kila wiki. Alipeleka ndagala mjini, akarudi na sabuni.

Prosesa, ubongo wa kompyuta, ina ngazi za mamlaka. Ngazi ya sifuri ni ya kiini cha mfumo, programu kuu inayotawala nyingine zote. Anayekaa hapo hugusa chochote, na hakuna wa kumkataza. Ngazi ya tatu ni ya programu za kawaida. Mojawapo ikinyoosha mkono kwenye kumbukumbu isiyo yake, prosesa inakataa, kiini kinaiua, na nyingine zinaendelea na kazi. Kiendeshi chetu, mgeni asiyejulikana, kilikaa ngazi ya sifuri. Kwa nini? Kwa sababu viendeshi vingi hukaa huko, chuoni walisema, na huko kazi ni ya haraka. Jibu hilo halikunitosha. Tangu vita vianze, mama hakumruhusu mgeni kuvuka baraza, hata jirani wa miaka mingi. Kahawa ililetwa nje.

"Mugeni mwema hatakasirika," alisema. "Mubaya, bora akasirikie inje."

Basi nikaandika kiendeshi kingine, programu ya kawaida ya ngazi ya tatu, na nikaomba kiini kikifungulie milango ya ile kadi tu, si zaidi. Nikaweka na programu ndogo ya kukiinua kila kinapoanguka.

"Iko polepole kama kobe," mjomba alilalamika.

"Lakini ikianguka, inaanguka peke yake."

"Umejaribu?"

"Nimejaribu, mjomba."

"Umejaribu na mutu anasubiri kule?"

Nikarudi kwenye vitufe.

Siku moja, alasiri ikikaribia, mwendesha baiskeli alifika kutoka Minago, katikati ya Gitaza na kwetu, akihema: watu wenye silaha walikuwa wameshuka mlimani na kujificha katika michikichi kando ya barabara. Ilikuwa siku ya dada kurudi; alikuwa Gitaza. Niliandika: *Minago mbaya. Lalani huko.* Nikatuma.

Kiendeshi kikaanguka. Mama alikuwa nyuma yangu.

"Imekufa?"

"Kiendeshi tu, mama. Mashine iko hai."

Kikainuka, kikaanguka tena. Kilipoinuka mara nyingine kilishika, na herufi zikaenda moja moja. Kisha hakuna kitu. Mjomba alitembea chumbani akigonga ukuta kwa vidole. Jibu likaja: *Tumesikia. Gari moja imetoka sasa hivi.*

Mama aliketi sakafuni. "Muulize kama mutoto wangu iko ndani."

Niliuliza. Tulisubiri. *Dada yako iko hapa. Gari yake ilikuwa inafuata. Anasema nyinyi ni waoga.*

Mama alicheka kwa sauti, kisha akajiziba mdomo. Lile gari la kwanza nalo lilikuwa na watoto wa watu.

Tulilitazamia barabarani hadi adhana ya magharibi. Halikufika.

"Kiendeshi cha zamani," mjomba aliuliza, "saa hiyo kingekuwa wapi?"

"Mashine ingekuwa bado inakagua diski."

Hakusema tena habari za kobe. Niliandika ujumbe wa mwisho: *Kuanzia kesho, kimya maana yake kaeni.* Nikatuma. Kiendeshi hakikuanguka. Tukasubiri jibu, lakini Gitaza walikuwa kimya, na sisi watatu hatukujua kimya hicho tukielewe vipi.