Mlio wa Miguu Yake

Ashukuriwe Mungu aliyenitunzia kumbukumbu hadi uzee huu. Leo mjukuu wangu amefungua kopo la dawa ya viatu, na harufu yake imenirudisha Makambako, enzi za Mwingereza.

Gari la sinema lilikuja jioni. Kwenye shuka jeupe, mzee mweusi kama sisi, amevaa suti, alipanda ngazi akicheza, na kila hatua ikalia. Sikuwahi kuona mtu mwepesi vile. Sisi Wabena tulicheza juu ya udongo. Kwetu mlio ulitoka kwenye ngoma, si miguuni. Basi watu wakazunguka nyuma ya shuka kumtafuta mpiga ngoma.

"Ni miguu yake, baba," nikasema.

"Acha uongo, binti. Miguu hailii."

Tuliporudi kwetu Njombe, nikavaa viatu vya baba vya ibada, vinavyonukia dawa, vyenye vyuma visiginoni, nikacheza juu ya sakafu ya mbao ya kanisa. Vikalia! Nikageuka: baba, mwinjilisti wetu, amesimama mlangoni. Nikajua nitachapwa.

Akavua kofia.

"Hebu rudia," akasema. "Polepole, nisikie."

Wewe unayesoma, Mungu ailinde miguu yako popote inapokupeleka.