Mtoto wa dadangu aliharisha nikamrukia mama wa uji, majibu ya lab yakaninyamazisha

Wakuu, niaje. Hii kitu imenikaa kifuani wiki tatu. Sitaongeza chumvi, na mkinitukana mko na haki.

Mimi ni msusi, naishi Kawangware 56. Dadangu mdogo, Nekesa, anaishi Soweto West, Kibera, na mtoto wake Ryan wa miezi kumi.

Jumamosi moja nikaenda kuwaona. Maji ilikuwa imepotea kwa plot, nikajipaka sanitizer, nikamponda Ryan ndizi kwa vidole na kumlisha.

Jumatatu asubuhi Nekesa akanipigia akilia. "Ryan anatapika, anaharisha maji tupu. Hata titi anakataa."

Nilipofika, macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, utosi umebonyea. Analia bila machozi. 

Nikauliza amekula nini. Nekesa akasema jana jirani, Mama Otis, alimwonjesha uji. Huyu mama huuza uji hapo kwa gate.

Wakuu, sikungoja. Nikamsimamia mbele ya wateja. "Umemwekea mtoto nini?"

Akajibu polepole, "Watoto wangu watano wamekunywa huo uji."

Lakini watu walikuwa washaanza kuweka vikombe chini.

Tukakimbia kliniki. Daktari akatuanzishia ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kijiko kwa kijiko, na zinc. Akitapika, tunangoja dakika kumi, tunaanza upya.

Choo yake ikawekwa kwa kikopo. Kwanza test ya haraka, ka-strip kama ka kupima mimba, kuangalia rotavirus. Negative. Nikajiambia, si nilisema ni uji!

Daktari akasema kuna virusi vingine hiyo strip haiwezi kuona, kwa hivyo sample itaenda lab kubwa kufanyiwa PCR. Vile nilielewa (wa lab mnirekebishe), wanatafuta kipande kidogo cha vinasaba vya kirusi, mashine inakizidisha mara nyingi sana mpaka kinaonekana.

Siku hizo za kungoja nyumbani sitaki kuzikumbuka. Kila saa tunafungua nepi kuangalia kama kuna mkojo. Jumatano nepi ikalowa mkojo kabisa, Nekesa akakaa chini akalia.

Ijumaa majibu yakatoka: norovirus.

Daktari akauliza, "Kuna mtu wa karibu alikuwa anatapika kabla ya mtoto?"

Nekesa akasema hakuna. Mimi nikaangalia sakafu.

"Ni mimi," nikasema. "Alhamisi, kabla nije kwao." Nilidhani ni chips za kibanda. Jumamosi nilikuwa fiti kabisa!

Daktari akanieleza kwamba hata ukipona, choo yako bado inaweza kutoa virusi hata wiki mbili. Na sanitizer haimalizi norovirus vizuri, inataka sabuni na maji. Nikaomba nipimwe pia. Majibu yangu yakakuja wiki iliyofuata: norovirus.

Daktari hakuapa kuwa ni mimi nilimwambukiza Ryan. Alisema anaweza kuwa aliipata kwingine. Lakini Ijumaa hiyo Nekesa alimchukua Ryan mikononi mwangu, akatembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Nikaenda kwa Mama Otis nikaomba msamaha hapo hapo kwa gate, kwa sauti, kila mtu asikie.

Alikoroga uji wake kwanza. Kisha akasema, "Ulinitukana nikiwa na foleni. Leo unaniomba msamaha nikiwa na wateja watatu."



Ryan ako sawa, anatambaa kila mahali. Nilichojifunza ni hiki: ukiwa na tumbo kaa mbali na watoto na chakula chao, angalau siku mbili baada ya kupona. Osha mikono na sabuni, maji ikikosekana usilishe mtoto na vidole. Na kabla unyooshe mtu kidole, ngoja ujue.

Sasa nauliza: kuna mtu hapa aliwahi kuharibia mwenzake jina, akafaulu kulirudisha? Ulifanyaje? Semeni tu, maana nimepita hapo kwa gate jana na sufuria ya Mama Otis ilikuwa bado imejaa saa nne asubuhi.