Pini Sita za Fundi

Kwa miaka arobaini Fundi alishona nguo za watu, na pini alizibana midomoni, sita kwa mara moja, vichwa nje. Kuzitoa, alizitoa moja moja, asije akameza. Majirani walimtania kwamba umbea ukiingia kwa Fundi hautoki, mlango umepigiliwa misumari.

Alipokuwa na mimba ya miezi saba ya kitindamimba wake, mchoraji aliyepanga chumba cha uani aliomba amchore akiwa kazini. Akachora vyote: cherehani, dirisha lililofungwa ili upepo usipeperushe vitambaa, tumbo, midomo iliyobanwa. Pini hakuzichora, alisema zingeharibu uso. Fundi hakuona neno.

Mchoraji alikuwa amekwisha fariki picha ilipotundikwa katika jumba la maonyesho. Kitindamimba, sasa mwanamke mzima, alikwenda kuitazama, akamkuta mwelezaji akiwafafanulia wageni: dirisha lile ni kifungo, midomo ile ni kilio kilichomezwa, na huyu ni mama aliyebeba mimba asiyoitaka.

Siku hiyohiyo alifika kwa mama yake, akaketi bila kuvua viatu.

"Mama, niambie kweli. Hukunitaka?"

Fundi alicheka kwanza, na kicheko hicho kikamponza. Akaeleza habari ya upepo, akaeleza habari ya pini. Binti akamsikiliza kama asikilizwavyo shahidi aliyefundishwa la kusema.

"Mbona kwenye picha hakuna pini hata moja?"

"Mchoraji aliziacha, mwanangu."

"Na mchoraji amekufa."

Fundi akatafuta moyoni shahidi mwingine. Mumewe alikuwa kaburini. Wale watoto wakubwa, saa zile za kuchorwa, walikuwa shuleni. Mfa maji haishi kutapatapa: akainuka, akafunga dirisha, akaketi kwenye cherehani, akabana pini sita midomoni na kugeuza uso upande uleule wa picha. Binti ajionee mwenyewe.

Binti alimtazama kwa muda mrefu. Macho ya mama yalikuwa yamelengwa na machozi ambayo siku ya kuchorwa hayakuwapo, lakini hilo nani angelithibitisha?

"Ni uso uleule," akasema taratibu. "Uleule kabisa, mama."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Fundi akapeleka vidole mdomoni haraka apate kumwita, akatoa ya kwanza, akatoa ya pili. Alipofika ya nne, alisikia lango likifungwa.