Nani Anashindilia?

Siku watu wa manispaa walipokuja kuupa mzabibu wa Doña Nemesia Ramallo kibao cha heshima, mwenyewe aliamka mapema kuziba tundu la mti kwa udongo. Alisiliba vizuri, akapaka majivu juu yake, akarudi nyuma kuangalia. Mtu akipita haraka haoni kitu. Lakini wageni wale hawakuja kupita haraka.

Katika bonde letu la Cinti mizabibu ya kale haitambai kwenye waya. Hupandishwa juu ya mti wa molle, ikakua pamoja nao, na wakati wa mavuno watu hukwea na vikapu mgongoni. Mzabibu wa Nemesia ulipandwa na wazee wa wazee wa mumewe, na hajabaki hata mtu mmoja anayejua ni lini. Shina lake mtu mzima akilikumbatia, mikono haikutani. Zabibu zake ni nyeusi, ndogondogo, na tamu kiasi kwamba nyuki huzigombania. Heshima ilistahili kabisa. Tatizo lilikuwa ule mti unaoushika, ambao ndani ulikuwa umeoza wote.

Hotuba zikasomwa. Divai ikamiminwa kidogo ardhini, mama ardhi apate kwanza, kisha tukanywa sisi. Fundi akaleta kibao cha shaba, akauweka msumari kwenye mti na kuupiga. Pigo la kwanza likaubandua udongo uliosilibwa. La pili likauzamisha msumari wote, na kibao kikaanguka miguuni mwa meya.

"Shemeji, mti wako umemeza msumari," alisema Don Gumersindo, jirani yake na rafiki wa marehemu mumewe. "Mpe na nyundo, huenda bado ana njaa."

"Nitampa ulimi wako, Gumersindo. Huo atakula mwaka mzima asiumalize."

Watu wakacheka, na Nemesia akacheka nao, lakini uso ulikuwa umemwiva. Mama mmoja wa idara ya kilimo akachungulia ndani ya tundu, akamshika mkono kwa upole.

"Mama, huu ukianguka utaung'oa na mzabibu. Mbona hamjaupandia mwenzake?"

Hapo kicheko kikakatika. Yule mama alikuwa mgeni, hakujua alichouliza.

Molle ukizeeka hupandwa mwingine ubavuni mwake, na matawi ya mzabibu yakahamishwa moja moja, mwaka baada ya mwaka, hadi siku mti mzee unapoanguka unaanguka peke yake. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mwenye mzabibu huushika mche, mrithi wake hushindilia udongo kwa mikono. Kisha shahidi huuliza kwa sauti, majirani wote wasikie: nani anashindilia? Atakayetajwa hapo ndiye atakayekwea baada ya mwenye mzabibu kuzikwa. Hakuna apandaye peke yake. Wanasema aliyewahi kujaribu mche wake ulikauka, na mimi naamini waliukausha kwa maneno.

Nemesia hakuwa na mtoto.

Aliletwa kwetu bi harusi kutoka bonde la juu, mwembamba, na mdomo wake ukiwa umekwisha kunolewa. Mumewe, Leocadio, alimpenda mdomo na vyote. Yeye alikuwa mtu wa kukwea: alivua viatu, akatanguliza mguu wa kushoto, ulimi akautoa pembeni mwa kinywa, na kabla hujasema kitu yuko juu ya molle anaimba. Nemesia alisimama chini kupokea vikapu. Walikuwa na furaha, tusiwaonee. Ila mwaka ulipita, na mwingine, na mama mkwe akasaga kila aina ya mzizi mchungu, na Nemesia akanywa yote, akawasha mishumaa kwa watakatifu mpaka akawachoka. Mtoto hakuja.

Halafu yakaja mavuno ya mwaka mmoja. Miongoni mwa wachumaji alikuwapo Encarnación, mfua nguo wa ng'ambo ya mto, na kitoto chake cha kike kiitwacho Florinda. Wakubwa wakiwa wanapumzika, kitoto kikavua ndara. Kikatanguliza mguu wa kushoto, kikautoa ulimi pembeni mwa kinywa, kikapanda bila ngazi.

Nemesia alimtazama mtoto. Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama chini.

Ikaishia hapo. Hakuna sahani iliyovunjika wala mlango uliobamizwa. Mwaka uliofuata Nemesia alimwambia Encarnación kwamba wachumaji wametosha. Leocadio hakusema, naye hakuuliza, wakaendelea kupendana na jambo hilo likilala katikati yao kila usiku. Miaka mingi baadaye, Leocadio alipozikwa, Florinda alikuwa mtu mzima. Alisimama nje ya ukuta wa makaburi, shali nyeusi kichwani. Nemesia alimwona. Angeweza kumwita kwa kidole tu, asimwite.

Baada ya siku ya kibao alijidanganya majira yote ya baridi. Alikata miti ya panda akaegemeza matawi, akaongeza mingine, mpaka molle ule ukaonekana mgonjwa mwenye magongo pande zote. Gumersindo alipita akatikisa kichwa. Ndipo upepo wa Agosti ukaja, ukavunja tawi kubwa. Lilipoanguka liliburuta mkono mzima wa mzabibu. Nemesia alitoka akauokota, akakaa nao mapajani, akalia kwa sauti. Hakuulilia mzabibu peke yake, na alilijua hilo.

Siku ya pili akavaa sketi yake nzuri, akavuka mto. Maji yalikuwa machache, mtu aweza kuvuka kwa kukanyaga mawe.

Florinda alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Alimwona kwa mbali, asisimame.

"Umepotea njia, Doña Nemesia?"

"Njia naijua."

"Leo unaijua. Miaka yote unapita hapa shingo imegeukia mtoni, nikadhani imekaza."

"Nilikuwa naangalia mawe nisijikwae."

"Mawe yako chini, Doña Nemesia. Wewe ulikuwa unaangalia mawingu."

Florinda akamsogezea kigoda kwa mguu, akamtilia mahindi ya kuchemsha kwenye bakuli. Wakatafuna.

"Molle unaanguka," Nemesia akasema mwishowe.

"Bonde zima linajua. Hata msumari unajua."

"Nataka kuupandia mwenzake kabla ya mvua. Sina wa kushindilia."

Mikono ya Florinda ikasimama. "Vibarua wamejaa huku. Mtafute mmoja umlipe."

"Unajua ninachosema."

"Sijui. Sikia, mimi nimezoea kuwa mtu asiyesemwa. Hata mama yangu hadi anakufa hakunitamkia jina la baba. Sasa ukija hapa na mafumbo, utakula mahindi yangu, utaondoka. Unataka mtu wa kushindilia udongo, au unataka mtoto?"

"Nataka vyote viwili," Nemesia akasema. "Hata kimoja sijui kinaombwaje. Nilikuonea, Florinda. Ulikuwa mtoto, umepanda mti tu, nikakufungia mlango kwa sababu ya miguu yako."

"Miguu yangu?"

"Ni ya kwake. Ulitanguliza wa kushoto."

Florinda akaitazama miguu yake kwa muda mrefu. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia ana kitu cha baba yake.

"Nitafikiri," akasema. "Usinisubiri mlangoni, utapata baridi."

Nemesia akarudi nyumbani asijue kama amekubaliwa au amefukuzwa. Akachimba shimo mwenyewe, kidogo kidogo, kwa mgongo wake wa uzee. Siku aliyoitangaza ilipofika, majirani wakajipanga ukutani kama kawaida yao, wenye kusikitika na wenye kutaka umbea, na wa mwisho walikuwa wengi zaidi. Gumersindo alikuwa shahidi, na kofia yake safi. Nemesia akapiga magoti, akaushika mche. Alikuwa tayari kuaibika. Alikwisha kujiambia kwamba asipokuja mtu atashindilia kwa mkono mmoja, wacha waseme.

Jua lilikuwa limepita majabali mekundu Florinda alipotokea. Alipita katikati ya watu bila kumwangalia yeyote, akavua ndara, akapiga magoti ng'ambo ya shimo, akatia mikono udongoni.

Gumersindo akakohoa. "Nani anashindilia?"

"Florinda," akajibu Florinda mwenyewe, upesi, kama mtu anayetaka yaishe. "Florinda wa Encarnación."

Watu ukutani wakapumua. Jibu lile lingetosha. Jina limetajwa, mti umepata mrithi, na hakuna aliyelazimika kusema zaidi. Nemesia angeweza kuliacha hivyo na kwenda kulala.

"Gumersindo," akasema, "jibu si la anayeshindilia. Niulize mimi."

"Shemeji, si amekwisha..."

"Niulize, wewe mzee. Leo ndiyo umekuwa na haya?"

Gumersindo akavua kofia. "Doña Nemesia, nani anashindilia?"

"Florinda, wa Encarnación na Leocadio," akasema kwa nguvu, hadi wa mwisho ukutani asikie. Kisha akavuta pumzi. "Na wangu, akinikubali."

Nemesia alikuwa anatetemeka toka mabegani mpaka vidoleni, na mche ukatetemeka naye, ukaanza kulala upande mmoja. Florinda aliendelea kukandamiza udongo, kichwa ameinamisha, machozi yakimdondokea mikononi na kuchanganyika na tope. Hakufuta.

"Mama," akasema, "shika wima. Unaupinda."