Gemu la shemeji lilivyokaribia kumuua dada yangu, huko Ibra, Omani

Wakuu, salaam. Hili sikuhadithiwa, nilikuwepo. Nikiongeza chumvi mnisute.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mapokezi kwenye hospitali moja ndogo mjini Ibra. Kompyuta ilikuwa moja tu, na ndani yake mlikuwa na majina ya watu wa kujitolea damu, grupu zao na simu zao. Aliyeitunza ni Bwana Khalfan, Mzanzibari mwenzangu, mtu wa watu.

Sasa, operating system ya siku zile haikukuuliza wewe nani. Ukiwasha tu, vyote vyako: usome, ufute, uharibu. Na sisi tuliona raha! Mlango wazi, birika la kahawa kando.

Siku moja akaja shemeji yangu Saidi, mume wa dada Zuwena, katoka Maskati na diski ya gemu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Khalfan angeanzia wapi kumkatalia? Akampisha kiti.

Wiki haikwisha, dada akaletwa kujifungua. Mtoto akatoka salama, lakini damu ya mama ikakataa kusimama. Daktari anataka O negative, akiba hakuna.

Nikakimbilia kompyuta. Skrini nyeusi. Khalfan akazima, akawasha. Nyeusi.

"Khalas, vyote vimefutika," akasema. "Tangu ile diski ya gemu mashine inagoma. Ilikuwa na kirusi."

Shemeji alikuwa kasimama mlangoni.

"Wallahi mie nilikuwa nacheza tu," akasema.

Hakungoja jibu. Akatoka mbio hadi msikitini, akaomba kipaza sauti, na mji mzima ukamsikia akilia, "Jamaani, mke wangu anakufa, nataka damu!"

Watu wakaja na magari yao. Tukawapima mmoja mmoja, hafai, hafai. Mwisho akapatikana mwalimu mmoja. Dada akapona, alhamdulillahi.

Funzo: anayekudhuru si lazima awe adui. Weka password, na usichomeke flash ya mtu hata akiwa ndugu. Mimi hadi leo kipaza sauti kikilia kabla ya wakati wa sala, moyo unaruka.

Haya, wangapi hapa mmeshampa mgeni password kwa kumwonea haya? Semeni, hatuchekani.