Zawadi ya Shemeji Imekuja na Bili

Watu wa Kitengela, niko na hasira hadi chai imenishinda.

Jumapili kwa harambee ya makao ya watoto, shemeji yangu alisimama akatangaza anawapatia watoto ile haki alinunua ya kukaa kwa hoteli ya Pwani wiki moja kila mwaka. Tulimpigia makofi ya kilo. Mimi hata vigelegele nilipiga!

Leo amekuja kuchukua barua ya kuthibitisha alitoa msaada, ndio apunguziwe ushuru. Hapo kwa makao, mwenye huandika hizo barua ni mimi.

Mama Naserian, mwenye kulea hao watoto, akamuuliza, "Na ile pesa ya service hoteli hudai kila mwaka italipwa na nani?"

"Si sasa ni yenu?"



Kisha akaongeza, "Lakini Desemba mtaniachia niende na familia, kama kawaida."

Ati kama kawaida! Kitu bado unatumia ni msaada gani huo wa kupunguziwa ushuru?

Mama Naserian alicheka tu. "Baba, kwetu ukipea mtu ng'ombe, haurudi jioni kukamua."

Ama ni mimi niko na roho mbaya? Niambieni.

Barua hakupata. Sasa nataka anirudishie vigelegele vyangu.